Nguvu ya Mungu Kando ya Kitanda cha Asiyepona

Kuna maneno ambayo familia nyingi za Afrika Mashariki zimeyasikia zikiwa zimesimama kwenye korido ya hospitali: mpelekeni mgonjwa nyumbani akapumzike. Hakuna anayehitaji kufafanuliwa zaidi. Saratani imeshasambaa, upasuaji hausaidii tena, na kitanda kinasubiriwa na mwingine. Kuanzia siku hiyo mgonjwa huachiwa mama yake, mkewe au binti yake, na maumivu huwa ya kwake peke yake. Majirani huja, huketi, huomba, huaga. Usiku ni mrefu.

Hapo ndipo Ukristo unapotoa dai lake gumu kuliko yote. Unasema kwamba Mungu aliyeumba mbingu na nchi hayuko mbali na chumba hicho, na kwamba uweza wake huonekana humo kuliko unavyoonekana kwenye viti vya enzi: katika mkono unaomgeuza mgonjwa ubavu, unaomfuta jasho, unaomnywesha dawa. Dai hilo lingeweza kubaki kuwa mahubiri mazuri ya mazishini. Halikubaki hivyo. Katika karne ya 20 lilisaidia kuzaa tawi zima la tiba, la kutuliza mateso ya wagonjwa kama hawa, linaloitwa tiba shufaa, nalo likafika Nairobi, Kampala na Arusha likiwa na dawa, daftari la dozi na hoja za kisheria.

Chimbuko lake ni la kale. Kitabu cha Isaya, sura ya 40, kinamtangaza Mungu anayewajia watu waliovunjika moyo uhamishoni Babeli. Katika mstari wa 10 anakuja kama mtawala mwenye mkono wa nguvu, na msomaji anatazamia upanga. Mstari wa 11 unaonyesha kazi ya mkono huo: unawaokota wana-kondoo na kuwapakata, na mchungaji anapunguza mwendo kwa ajili ya kondoo wanaonyonyesha. Nabii hakumgawa Mungu mara mbili, mkali upande huu na mpole upande ule. Ni yeye yule mmoja, na upole wake ndio unaotuambia nguvu zake ni za nini.

Yesu wa Injili anafuata njia hiyohiyo. Katika Marko sura ya 1 anamgusa mwenye ukoma kwanza, ndipo anamponya, wakati ambapo kumgusa mtu wa namna hiyo kulikuwa kujitia unajisi. Yohana sura ya 13 inasema jambo la kustaajabisha zaidi: Yesu alijua kwamba Baba amemkabidhi vitu vyote, na mara baada ya hapo akaondoka mezani, akajifunga taulo na kuwaosha wanafunzi miguu. Ilikuwa kazi ya mtumwa, na Petro alishtuka ipasavyo. Mtume Paulo naye aliomba mara 3 aondolewe mwiba uliomtesa. Hakuondolewa. Alichoambiwa, kama anavyoeleza katika Wakorintho wa Pili sura ya 12, ni kwamba uweza wa Mungu hufikia ukamilifu penye udhaifu.

Wapo walioyachukua mambo haya kama maagizo ya kazi. Tauni ilipoikumba Aleksandria katika karne ya 3, askofu Dionisio aliandika juu ya Wakristo waliobaki kuwauguza wagonjwa na kufa pamoja nao, huku wengine wakikimbia. Karne iliyofuata Kaisari Juliani, aliyetaka kuirudisha miungu ya zamani ya Roma, alilalamika kwamba Wagalilaya, jina alilowaita Wakristo, wanawalisha maskini wao na maskini wa wapagani pia. Ushahidi wa mpinzani una uzito wake. Na miaka michache baadaye, karibu mwaka 370, askofu Basili alijenga nje ya Kaisaria, katika nchi inayoitwa leo Uturuki, makao makubwa ya wagonjwa, wasafiri, maskini na wenye ukoma. Rafiki yake Gregori wa Nazianzo aliyasifu makao hayo kuwa ni mji mpya.

Historia hiyohiyo ina kurasa za aibu, za msalaba uliotangulia mbele ya majeshi na za wahubiri waliobariki biashara ya watumwa. Haifai kuzificha. Ndizo zinazoonyesha ni kwa kiasi gani waliokaa kando ya vitanda walikuwa karibu zaidi na yule waliyedai kumfuata.

Miongoni mwa hao, Cicely Saunders anastahili kuelezwa kwa kirefu. Alizaliwa mwaka 1918 kaskazini mwa London, katika familia yenye uwezo. Vita ya Pili ya Dunia ilimkuta akisoma Oxford. Akaacha masomo, akaenda kujifunza unesi katika hospitali ya St Thomas'. Mgongo ukamsumbua hata akashindwa kuinua wagonjwa. Akarudi chuoni, akamaliza, akawa ofisa wa ustawi wa jamii hospitalini. Mwaka 1945 alimgeukia Kristo kwa moyo wote, akaanza kuomba aonyeshwe kazi ya kufanya.

Kazi hiyo alionyeshwa na mtu aliyekuwa anakufa. David Tasma alikuwa Myahudi kutoka Poland, mhudumu wa mgahawa, umri wa miaka 40 hivi, mwenye saratani isiyotibika. Hakuwa na jamaa London. Kilichomuuma kuliko ugonjwa ni kuona kwamba anaondoka duniani bila kuacha alama yoyote. Saunders alimtembelea wiki baada ya wiki, nao wakazungumza kuhusu mahali ambapo watu kama yeye wangetunzwa vizuri kuliko katika wodi ya upasuaji yenye kelele na haraka. Tasma alifariki Februari 1948. Alimwachia pauni 500 na ombi kwamba awe dirisha katika nyumba hiyo ambayo Saunders angeijenga siku moja. Ilipita miaka 19 kabla dirisha halijapata nyumba.

Miaka hiyo haikupotea. Jioni Saunders alijitolea katika nyumba ya wagonjwa mahututi iitwayo St Luke's, na huko akaona jambo ambalo hospitali kubwa hazikulifanya: wagonjwa walipewa dawa ya maumivu kwa saa maalumu, kabla maumivu hayajarudi. Kwingineko mgonjwa alisubiri mpaka alie ndipo apigwe sindano, nayo ikiisha nguvu alie tena. Yaani alilazimika kuistahili dawa yake kwa machozi. Daktari mpasuaji mmoja, Norman Barrett, alimwambia ukweli mchungu kwamba madaktari huwakimbia wanaokufa, na kama anataka kusikilizwa basi akasome udaktari. Alianza akiwa na miaka 33. Alihitimu mwaka 1957.

Kisha akaenda St Joseph's, hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, iliyoko Hackney, mashariki mwa London, iliyofunguliwa mwaka 1905 na masista wa Ireland wa shirika lililoasisiwa na Mary Aikenhead mwaka 1815. Masista hawa walikuwa na upole wa miaka na miaka. Waliwaosha wagonjwa, waliwaita kwa majina, waliketi nao usiku. Hawakuwa na daftari la kuandika nani amepewa nini na saa ngapi, wala hawakuwa na utaratibu wa kuzuia maumivu yasirudi. Saunders aliwaletea vyote viwili: mofini ya kunywa, kila baada ya saa 4, na kumbukumbu ya kila mgonjwa. Kwa miaka 7 alikusanya taarifa za wagonjwa zaidi ya 1,000. Hofu iliyoenea, kwamba mofini ingewafanya watumwa wa dawa au wawe wa kusinzia tu, haikuthibitika. Waliotulizwa maumivu waliongea, walikula, walipatana na ndugu zao.

Hapa pana jambo linalostahili kusisitizwa, kwa sababu mahubiri mengi ya upole hulipita. Masista wale walikuwa na huruma ya kweli, lakini huruma yao peke yake haikuyaondoa maumivu. Hospitali kubwa zilikuwa na mofini kabatini, lakini mgonjwa alikufa akitazama ukuta. Upole unaomfaa mtu anayeteseka unahitaji elimu, saa ya ukutani na mtu anayejua hesabu za miligramu. Mchungaji wa Isaya anapunguza mwendo kwa sababu anawajua kondoo wake.

Wagonjwa ndio waliomfundisha Saunders kwamba maumivu ya mtu hayaishii mwilini. Alipomuuliza mama mmoja hali yake, jibu lilianza na mgongo, likapita kwenye wasiwasi wa mume na mwana, likaishia kwenye hofu na kutaka kujihisi salama tena. Kutokana na mazungumzo kama hayo Saunders aliandika juu ya maumivu ya mtu mzima: ya mwili, ya akili, ya familia na kipato, na ya roho. Anayetibu moja na kuyaacha mengine hajamtuliza mgonjwa.

Julai 1967 St Christopher's ilifunguliwa Sydenham, kusini mwa London, ikiwa na vitanda 54, bustani, na sehemu ya watoto wa wafanyakazi. Jina lilichaguliwa kwa makusudi. Hadithi ya kale inasema Kristofa alikuwa jitu la mtu aliyetaka kumtumikia mfalme mwenye nguvu kuliko wote. Aliishia kuwavusha wasafiri mtoni mabegani mwake, na siku moja akambeba mtoto mdogo aliyezidi kuwa mzito kila hatua, mpaka ng'ambo ya pili alipogundua kuwa amembeba Kristo. Saunders alijadiliana na wenzake kama nyumba hiyo iwe ya Wakristo peke yao. Walikubaliana iwe na msingi wa Kikristo na mlango ulio wazi kwa kila mtu, wa dini yoyote au asiye na dini, bila mgonjwa kulazimishwa sala wala kushinikizwa aongoke akiwa hoi kitandani. Uamuzi huo ulikuwa wa Kikristo kabisa. Anayemkamata mtu dhaifu ili amgeuze hamchungi, anamwinda. Saunders mwenyewe alifariki humo mwaka 2005, akiwa na miaka 87, kwa saratani, akitunzwa kwa taratibu alizozianzisha.

Mbegu hiyo ilifikaje kwetu? Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na daktari wake wa mwanzo alikuwa Anne Merriman, Mwingereza wa asili ya Ireland aliyezaliwa Liverpool mwaka 1935. Katika ujana wake alikuwa sista na daktari wa shirika la Medical Missionaries of Mary, akafanya kazi Nigeria. Baadaye, akiwa Singapore, yeye na wafamasia walitayarisha mofini ya maji iliyo rahisi kuliko zote: unga wa mofini, maji, kihifadhi, na rangi ya kutofautisha ukali, kijani kwa isiyo kali na rangi nyingine kwa zilizo kali zaidi. Haikuhitaji kiwanda kikubwa wala sindano.

Mwaka 1993 aliingia Uganda akaanzisha Hospice Africa Uganda. Fedha alizokuwa nazo zilitosha kuiendesha timu ya watu 3 kwa miezi 3. Ukimwi ulikuwa umeijaza nchi wagonjwa na makaburi, na dawa za kurefusha maisha zilikuwa bado hazijafika. Kabla ya kuanza alitaka serikali ikubali jambo moja, kwamba unga wa mofini uingizwe nchini kihalali. Ikakubali. Hospitali ya Nsambya, iliyo ya Kanisa Katoliki, iliwapa nyumba ndogo ya kuanzia, na dawa ikachanganywa humo na kutiwa kwenye chupa za plastiki zilizowahi kuwa na maji ya kunywa.

Kikwazo kilichofuata kilikuwa madaktari wenyewe, ambao idadi yao haikutosha. Mgonjwa wa kijijini angeweza kufa bila kumwona daktari hata mmoja, na sheria iliwaruhusu wachache tu kuandika mofini. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni hizo, ikawaruhusu manesi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika. Ilikuwa hatua ya ujasiri ambayo nchi tajiri nyingi zilikuwa hazijaichukua. Mwaka huohuo, Arusha, ilizinduliwa African Palliative Care Association, chama cha tiba shufaa cha bara zima ambacho makao yake yako Kampala. Hospisi ya Merriman baadaye ilishirikiana na serikali kutengeneza mofini ya maji kwa ajili ya nchi nzima, na mgonjwa wa Uganda huipata bila malipo. Katika orodha ya mwaka 2015 ya ubora wa huduma kwa wanaokaribia kufa, iliyotolewa na Economist Intelligence Unit, Uganda ilikuwa ya 35 kati ya nchi 80, mbele ya nchi zilizoizidi utajiri mara nyingi. Merriman alifariki mwaka 2025 akiwa na miaka 90.

Ukimfuata nesi wa tiba shufaa utaona jinsi kazi hii ilivyo ya mikono. Anamwomba mgonjwa aonyeshe maumivu kwa vidole: ngumi ni hakuna maumivu, vidole 5 ni maumivu yasiyovumilika. Hakuna haja ya kujua kusoma. Kidonda cha saratani kinachonuka hunyunyiziwa dawa ya metronidazoli iliyosagwa, na harufu ikipungua watoto hurudi kuketi karibu na mama yao. Kwa kuwa mofini hufunga choo, mgonjwa hupewa dawa ya kulainisha, na pasipo na dawa hiyo mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa hutumika. Kisha nesi anamgeukia binti anayeuguza, amuulize mara ya mwisho alilala lini. Mwenye macho ya imani atamwona hapo yule aliyejifunga taulo.

Hata hivyo wanaofikiwa ni wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 huhitaji tiba shufaa kila mwaka, na ni asilimia 14 hivi tu wanaoipata. Uchunguzi uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2017 ulionyesha kuwa kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Gharama siyo kisingizio, maana mofini ya maji ni ya bei ndogo. Kinachozuia ni sheria zilizoandikwa kwa hofu ya wauza unga, watumishi wa afya wasiofundishwa kuitumia, na imani potofu kwamba mgonjwa akipewa mofini amehukumiwa kifo.

Kanisa nalo lina la kujibu. Katika miji yetu mabango ya mikutano ya maombezi yanaahidi uponyaji kwa herufi kubwa, na wapo wagonjwa wanaouza shamba kwa ajili ya safari ya kumfuata mtumishi fulani. Kuomba uponyaji siyo kosa. Yesu aliponya, na Wakristo wameomba hivyo tangu mwanzo. Kosa, tena kosa la kikatili, ni kumwambia mtu ambaye hakupona kwamba imani yake ilikuwa haba. Huko ni kumtwisha mzigo wa pili mtu aliyekwisha kulemewa na wa kwanza. Paulo aliomba mara 3 na mwiba ukabaki, na hakuna anayethubutu kusema kuwa hakuwa na imani. Mungu anayetangazwa kwenye mabango kuwa yupo penye miujiza tu ni Mungu aliyepunguzwa, asiyeweza kuingia nyumba ambayo muujiza haukutokea. Yule wa Isaya anaingia.

Msingi upo tayari. Hospitali za makanisa zimetapakaa kote Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, mara nyingi mahali ambapo hakuna hospitali nyingine. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania limeendesha tiba shufaa katika hospitali zake, na jijini Dar es Salaam Taasisi ya Saratani Ocean Road inaitoa. Jumuiya ndogondogo na vikundi vya akina mama vinajua kila nyumba yenye mgonjwa mtaani, jambo ambalo hakuna wizara ya afya inayoweza kulijua. Kinachotakiwa ni kuviunganisha na nesi aliyefunzwa na dawa iliyo halali, na kupanga zamu za kumpumzisha anayeuguza, kwa kuwa mara nyingi ni mwanamke mmoja anayebeba kila kitu.

Mwenye mgonjwa nyumbani asikubali kuambiwa kwamba maumivu ya saratani hayana dawa. Aulize hospitali ya wilaya au ya misheni iliyo karibu kama ina huduma ya tiba shufaa, na kama haina, aulize iliko. Na kila askofu, mchungaji na paroko mwenye hospitali chini ya usimamizi wake amwite mfamasia wake wiki hii, amuulize kama mofini ya maji ipo stoo, na kama haipo, imekwama wapi.